Selimundu, Posa na Karatasi ya Maabara: Kipimo cha Urithi katika Pwani ya Tanga

Katika vijiji na mitaa ya pwani ya Tanga, kuanzia Moa hadi Pangani, ndoa huanza kabla ya mahari na kabla ya kadi za mwaliko. Huanza kwa wazee kuulizana. Watu hawa ni wa ukoo gani? Je, kwao kumewahi kuonekana kifafa, ukoma au wazimu? Uchunguzi huo wa ukoo ni wa kale kuliko maabara yoyote, na msingi wake haukuwa ujinga. Wazee walitambua kwamba baadhi ya maradhi hutembea ndani ya damu ya watu wamoja, ingawa ukoma haukustahili kuwamo katika orodha yao, kwa kuwa huo huletwa na bakteria na leo unatibika kwa vidonge.

Siku hizi karatasi ya maabara imeketi jamvini pamoja na wazee. Ya kwanza kufika ilikuwa ya virusi vya UKIMWI, ambayo viongozi wengi wa dini wamezoea kuiuliza kabla ya kufungisha ndoa. Sasa inaulizwa nyingine, ya selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Jambo hilo ni jema. Hata hivyo, karatasi isiyosomwa sawasawa inaweza kuvunja uchumba usiostahili kuvunjika, na inaweza pia kuwapa matumaini ya uongo wawili ambao walihitaji kuambiwa ukweli mapema.

Uzito wa suala hili si mdogo. Tanzania inahesabiwa miongoni mwa nchi chache zinazoongoza duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na selimundu, na makadirio yanayotumiwa mara nyingi ni watoto 11,000 kila mwaka. Mtoto mwenye ugonjwa huu huzaliwa akiwa mzima machoni pa watu. Baada ya miezi kadhaa huanza kuvimba vidole vya mikono na miguu, kupungukiwa na damu, kupata manjano na kulia kwa maumivu ya mifupa ambayo mama hawezi kuyaona kwa nje. Kwa mahali pasipo na huduma, inakadiriwa kwamba zaidi ya nusu ya watoto hao hufariki kabla ya kutimiza miaka 5, wengi wao bila mtu yeyote kujua jina la kilichowaua. Makaburi yao huandikwa homa, upungufu wa damu, au jicho baya la jirani.

Urithi ulioachwa na mbu

Ili kuipima vizuri karatasi ya maabara, inafaa kufahamu kwanza kwa nini kinasaba hiki kimejaa pwani. Mwaka 1949 kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alisafiri akikusanya sampuli za damu, akaona jambo lililomshangaza: wenye kinasaba cha selimundu walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini walikuwa adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana mno na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Sehemu ya ushahidi huo ilipatikana kwa kuwaambukiza malaria kwa makusudi watu wazima 30 wa Kijaluo, jaribio ambalo kamati yoyote ya maadili ya leo ingelikataa bila kujadili kwa muda mrefu. Tafiti za baadaye, zikiwemo za Kilifi, zilithibitisha kwamba kinga hiyo hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Mkoa wa Tanga ni kama kitabu kilichofunguliwa kwenye ukurasa huo. Anayesafiri kutoka Korogwe kupanda Lushoto huacha bonde lenye mbu na kufika penye ukungu kwa safari isiyozidi asubuhi moja. Si bure kwamba utafiti wa malaria ulijenga makao yake Amani na Muheza kwa miongo mingi. Katika vijiji vya mteremko huo wa Usambara watafiti wameonyesha kwamba thalasemia ya alfa, kasoro nyingine ya himoglobini inayokinga dhidi ya malaria, hupungua kadiri mtu anavyopanda mlima. Ongeza hapo historia ya mkonge, iliyowaleta vibarua kutoka kila upande wa nchi na nje yake wakaoa na kuolewa huku, na itaeleweka kwa nini hakuna kabila la Tanga linaloweza kusema kwamba selimundu ni ya wengine.

Kwa hiyo mwenye kinasaba kimoja hana damu chafu. Ni mjukuu wa watu waliopona malaria wakati watoto wa jirani walikufa.

Herufi mbili

Kila mtu hurithi nakala mbili za maelekezo ya kutengeneza himoglobini, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala ya kawaida huandikwa A, na ya selimundu huandikwa S. Mwenye AA hana kinasaba hicho. Mwenye AS ni mbebaji: hana ugonjwa, huishi maisha ya kawaida, na matatizo yanayomhusu, kama vile kukojoa damu, ni nadra. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Hapa pana onyo ambalo halirudiwi vya kutosha kliniki: kinga dhidi ya malaria ni ya AS. Kwa mwenye SS, malaria ni adui mbaya kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

AS akioana na AA, hakuna mtoto wao atakayekuwa SS, hata wakizaa 10. AS akioana na AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa, nafasi 2 za kuleta mbebaji na nafasi 1 ya kuleta asiye na kinasaba kabisa. Neno la kushika hapo ni "kila mimba". Wazazi wengi waliozaa mtoto mgonjwa hujiliwaza kwamba fungu lao wamekwisha kulipokea na watatu watakaofuata watakuwa salama. Mimba haina kumbukumbu. Kila moja huanza hesabu upya, na zipo familia zenye watoto watatu wagonjwa mfululizo.

Upimaji wa watoto wachanga uliofanywa Dar es Salaam mwaka 2015 na 2016 kwa watoto wapatao 4,000 ulikuta wagonjwa 31 na wabebaji takriban 13 katika kila 100. Chukua kiwango hicho, kisha waze ndoa 1,000 zinazofungwa bila kupima. Ndani ya watu hao 2,000 kuna wabebaji 260. Ndoa ambazo pande zote mbili ni wabebaji hazitazidi 17, yaani watu 34. Wabebaji 226 waliobaki wameoana na watu wasio na kinasaba na hawana cha kuogopa kuhusu selimundu kwa watoto wao. Jamii itakayoamua kwamba mbebaji haolewi wala haoi itawaumiza watu 260 ili kuzuia hatari iliyowahusu 34, na hata hao 34 wangekuwa salama kama wangeoa kwingine.

Hesabu hubadilika kidogo kwenye ndoa za ndugu, ambazo pwani zina heshima yake. Iwapo kijana ni mbebaji, uwezekano wa binti wa ami yake au wa mjomba wake kuwa mbebaji pia unakaribia mara mbili ya ule wa msichana mwingine wa mtaani, kwa kuwa babu na bibi ni wale wale. Hilo halitoshi kumpa mhudumu wa afya ruhusa ya kuzikejeli ndoa hizo. Ni sababu ya kupima mapema zaidi, basi.

Kasoro za kipimo

Sehemu kubwa ya madhara hutoka katika jambo dogo la maabara. Zahanati na vituo vingi vya afya hutumia kipimo kinachoitwa sikilingi. Tone la damu huchanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, kisha mtaalamu huangalia kwa hadubini kama chembe nyekundu zinapinda mfano wa mundu. Ni kipimo rahisi na cha zamani, lakini kinajibu swali moja tu: je, S ipo? Hakisemi kama ipo moja au zipo mbili. Karatasi iliyogongwa mhuri "chanya" inaweza kuwa ya msichana mzima mwenye AS au ya mgonjwa mwenye SS, na familia ya mchumba haitajua tofauti. Kwa uamuzi wa ndoa, majibu ya sikilingi peke yake hayafai kutolewa kama neno la mwisho. Yanayofaa ni ya elektroforesisi ya himoglobini, ya kromatografia, au ya vipimo vya haraka vya kisasa vinavyofanana kwa umbo na kile cha malaria na ambavyo huonyesha A na S kila moja kwa mstari wake.

Kipimo hicho hicho hudanganya kwa upande mwingine pia. Mtoto mchanga bado ana himoglobini nyingi ya tumboni, hivyo sikilingi yake inaweza kutoka hasi ilhali ni mgonjwa. Vilevile mtu aliyeongezewa damu karibuni hubeba himoglobini ya mtoaji. Mgonjwa wa SS anaweza kuonekana kama AS. Ni lazima aulizwe kuhusu kuongezewa damu, na ikiwa aliongezewa, kipimo kirudiwe baada ya miezi 3 hadi 4. Swali hilo huchukua nusu dakika, na mara nyingi haliulizwi.

Somo la mbwa wa Kongo

Ufugaji una mfano unaostahili kusikilizwa, ingawa msomaji wa pwani anaweza kushangaa kuona mbwa akiingizwa katika mazungumzo ya ndoa. Mfano huu unahusu hesabu ya urithi pekee, wala haulinganishi utu wa mtu na mnyama.

Basenji ni mbwa mdogo wa kuwindia kutoka misitu ya Kongo, anayejulikana kwa kutobweka. Jina lake lina nasaba moja na neno "washenzi" la Kiswahili, kumbukumbu ya dharau ya zama zile. Katika miaka ya 1930 mbwa wachache walipelekwa Uingereza, na karibu ukoo wote wa Ulaya na Marekani ukatokana na kundi hilo dogo. Baadaye ukazuka kati yao ugonjwa wa kupungukiwa na damu, unaosababishwa na upungufu wa kimeng'enya cha chembe nyekundu kiitwacho piruveti kinasi. Urithi wake ni kama wa selimundu: mwenye kinasaba kimoja ni mzima, mwenye viwili huugua na kufa akiwa bado kijana. Katika miaka ya 1970 kilipatikana kipimo cha kumtambua mbebaji, na wafugaji wa Marekani wakafanya lililoonekana kuwa la busara: wakawaondoa wabebaji wote katika uzazi.

Ugonjwa ulipungua sana. Lakini pamoja na wabebaji hao viliondoka vinasaba vyao vyote vingine, vizuri na visivyo na tatizo, na kundi ambalo tayari lilikuwa dogo likawa dogo zaidi. Maradhi mengine ya kurithi, ya macho na ya figo, yakapata nafasi. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji walilazimika kurudi Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, kutafuta mbwa wapya wa vijijini, na mwaka 1990 daftari la ukoo la Marekani likafunguliwa ili kuwapokea. Kilichotakiwa tangu mwanzo ni kidogo: mbebaji azalishwe na asiye na kinasaba, kisha watoto wapimwe. Hakuna ambaye angeugua, na hakuna ukoo ambao ungepotea. Ndivyo wafugaji makini wa mbwa wanavyofanya leo, na kipimo cha vinasaba hakitumiki tena kama panga.

Mfano una mpaka wake. Mbwa huchaguliwa mwenza na mwenye mbwa. Binadamu huchagua mwenyewe, na kwa sababu hiyo kuna hatari ambayo mfugaji haijui kabisa: aibu.

Aibu hiyo imeshapimwa. Katika mji mdogo wa Orchomenos nchini Ugiriki watu walipimwa selimundu na kupewa nasaha, wakitarajiwa kuepuka ndoa za wabebaji wawili. Mwaka 1974 mtafiti George Stamatoyannopoulos aliripoti kilichotokea. Wabebaji walitengwa katika soko la ndoa, familia zikaanza kuficha majibu, na watoto wagonjwa wakaendelea kuzaliwa kwa kiwango kile kile. Marekani nayo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuwalazimisha watu weusi kupimwa, baadhi zikichanganya mbebaji na mgonjwa. Watu wazima wenye afya walinyimwa kazi na bima, na hadi mwaka 1981 chuo cha jeshi la anga cha nchi hiyo kilikuwa hakipokei wabebaji. Saudia imekwenda njia nyingine tangu mwaka 2004: kupima ni lazima kabla ya ndoa, lakini uamuzi ni wa wachumba. Mwanzoni karibu wote walioambiwa wana hatari waliendelea na harusi. Kufikia mwaka 2009 takriban nusu walighairi. Tofauti hiyo ya miaka mitano ilitokana na elimu zaidi kuliko sheria, kwa kuwa sheria ilikuwa ile ile.

Wakati wa kupima, na nani ajue

Kwa Tanga, kosa la kawaida ni la kalenda. Kijana wa Pongwe na binti wa Maramba wanapima wiki mbili kabla ya harusi, michango imekusanywa, mahari imetolewa, mashangazi wameshona sare. Majibu yakitoka AS na AS, hakuna uhuru wa kuamua uliobaki. Kuna fedheha tu ya kuchagua. Wakati mzuri wa kujua herufi mbili za damu ni kabla ya mapenzi, si baada ya posa: mwishoni mwa sekondari, chuoni, au siku mtu anapochangia damu. Aliyejua mapema hulizungumza jambo hilo katika mwezi wa kwanza wa uchumba, kwa utulivu, kama anavyosema kabila lake.

Majibu ni mali ya aliyepimwa. Hayasomwi mbele ya wazee wala hayapigiwi simu kwa mama mkwe, na kiongozi wa dini akihitaji uthibitisho, karatasi inayosema kwamba wawili wamepima na kupewa nasaha inatosha. Nchi ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini siri nyingi hazivuji mahakamani. Huvuja dirishani pa maabara, kwa jina kuitwa kwa sauti kubwa.

Mhudumu ajiandae pia kwa karatasi ambayo hakuitarajia. Mtoto ana SS, mama ana AS, na mwanamume aliyekuja naye ana AA. Kabla ya yeyote kufungua mdomo, sampuli zirudiwe, historia ya kuongezewa damu iulizwe, na ikumbukwe kwamba zipo aina nyingine za himoglobini na thalasemia ya beta zinazoweza kulifanya jibu lionekane kuwa SS ilhali sivyo. Ikibaki kuwa ni suala la ubaba, mama azungumziwe peke yake kwanza. Bombo, Teule au Magunga, popote pale, ndoa haikuletwa kliniki ili ivunjwe na karatasi.

Na wale wawili wenye AS na AS wanaopendana? Mnasihi hawachagulii. Huwaeleza kwamba hatari ni robo kwa kila mimba, na kwamba kipimo cha mimba tumboni kina mipaka, kwa kuwa sheria za nchi haziruhusu kuitoa kwa sababu hiyo. Huwaeleza kwamba tiba za kuponya zipo lakini ni chache: upandikizaji wa uboho kwa wagonjwa wa selimundu ulianza katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023, na mwishoni mwa mwaka huo huo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba ambayo bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2. Kisha huwaachia muda. Baadhi huachana wakiwa na heshima. Baadhi huoana na kuzaa mmoja au wawili. Wengine hulea watoto wa ndugu.

Wakioana, mtoto apimwe siku za kwanza, asisubiri kuugua. Akiwa SS, penisilini ianze katika mwezi wa 2 na iendelee mara 2 kwa siku hadi atimize miaka 5, chanjo zisirukwe, chandarua kisikosekane, na mapema iwezekanavyo daktari azungumze na wazazi kuhusu haidroksiurea. Mama na baba wafundishwe kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto wakati mtoto amelala, ili siku itakapovimba ghafla, midomo ikapauka na mtoto akalegea, wajue kwamba hiyo si safari ya kungoja kupambazuke.